Chupa ya Chai Ambayo Haikuwapo

"Mwalimu, Baba amepumzika." Ndivyo Sevelina alivyoniambia kwenye simu asubuhi moja, nikiwa nimesimama jikoni kwangu Tabora na kikombe mkononi. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, nzito kidogo, na sikuwa nimeisikia tangu ilipokuwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu. Nilipaswa kusema pole. Nilipaswa kuuliza maziko ni lini. Badala yake nilinyamaza mpaka akauliza, "Mwalimu, upo?" kwa sababu neno lile moja, amepumzika, lilikuwa limenipiga usoni, na nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kwa nini amelichagua. Angeweza kusema amefariki. Angeweza kusema ametutoka, au hatunaye. Je, alikuwa ananirudishia, baada ya miaka yote hii, neno ambalo mimi ndiye niliyelipeleka nyumbani kwao jioni ya siku aliyokufa mama yake? Au lilikuwa neno tu, hili ambalo siku hizi linasomwa hata kwenye matangazo ya vifo redioni? Nilisema nitakuja. Nilipokata simu ndipo nilipogundua kwamba pole yenyewe sikuitoa.

Nimekuwa hivi tangu ujana. Mtu akinijibu kwa mkato sokoni, jibu lake nitalibeba mpaka nyumbani, nitapika nalo, nitaoga nalo, na kesho yake nitakuwa nimeshaona ndani yake matusi ambayo mwenyewe hakuyaweka. Nilidhani uzee ungenipunguzia. Umenipa muda zaidi tu.

Nilifika Mpanda kwa treni mwaka ule watu walipokuwa wanahamia vijijini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na cheti changu kilikuwa kipya kiasi kwamba niliogopa hata kukitoa kwenye bahasha. Kazi niliyopewa ilikuwa kusimamia kisomo cha watu wazima, ngumbaru kama kila mtu alivyokiita, na nikapangiwa kukaa Kasokola, kwa Mzee Anselmi na mkewe, ambaye wote tulimwita Mama Sevelina kwa jina la binti yao wa kwanza. Chumba changu kilikuwa cha pembeni. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na kigingi ukutani cha kutundikia nguo. Kilinukia udongo, moshi wa kuni na mpunga, kwa kuwa magunia yalipangwa nje ya mlango wangu. Kuta hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na kutoka hapo mpaka kwenye nyasi za paa palikuwa wazi nyumba nzima, kwa hiyo kikohozi cha chumba kimoja kilikuwa cha wote. Kila jioni baada ya kula, Mzee na mkewe waliongea upande wao kwa Kikonongo, lugha ambayo sikujua hata salamu yake. Nilichoweza kukidaka ni neno moja tu, mwalimu. Maneno, maneno, mwalimu, kisha kicheko. Nilikaa kitandani nikijaribu kujua wamecheka nini. Labda namna ninavyokula. Labda Kiswahili changu cha vitabuni. Labda lile darasa la juzi nilipomwambia babu wa watu ashike kalamu vizuri kana kwamba ni mtoto.

Nilivumilia siku kadhaa, kisha nikamfuata Mama Sevelina jikoni akiwa anachochea moto.

"Mama, kama kuna jambo nimewakosea, niambieni tu."

"Jambo gani tena, Mwalimu?"

"Jana mlikuwa mnanitaja."

Akafikiri, halafu akapiga makofi kwa mikono yenye majivu. "Ee! Ni mbuzi huyo. Amekula chaki zako zile ulizoacha dirishani. Mzee anasema sasa mbuzi naye ni ngumbaru, tukamwandikishe kwa mwalimu, labda atamshinda yeye kusoma." Akanitazama nilivyosimama. "Mwalimu, wewe unawaza mpaka mawazo yenyewe yanachoka." Nilicheka naye, lakini kabla ya kulala nilikwenda dirishani kuangalia. Chaki kweli hazikuwapo.

Nyumba ile ilikuwa mpya, kama nyumba zote za kijiji kile, na kiangazi kilipoingia wanawake wa jirani walikuja kumsaidia Mama Sevelina kukandika. Nakumbuka kwamba hawakupaka udongo juu ya ukuta mkavu, maana ungedondoka wote. Kwanza waliulowesha ule wa zamani, wakaumwagia maji kwa kata mpaka ukalainika, ndipo wakapaka mpya juu yake, na kwa muda ukuta mzima, wa zamani na mpya, ukawa kitu kimoja laini. Mimi niliyekuwa nimejitokeza kusaidia nikauegemea. Kiwiko changu kikaacha shimo la wazi kabisa. Nilitaka kulifuta, nikaharibu zaidi. Wanawake wakacheka. "Mwacheni," Mama Sevelina akasema, "Mwalimu ametia sahihi." Ulipokauka, kiwiko changu kilikuwa sehemu ya nyumba, na kila nilipopita pale nilitazama pembeni.

Alikuwa na mikono hodari, Mama Sevelina. Jumapili baada ya misa alisuka nywele za wanawake nje ya mlango, mmoja baada ya mwingine, huku wakipeana habari za mchana mzima. Jua likimzamia katikati ya kichwa cha mtu, alimwita Sevelina alete kibatari ili amalizie. Mimi nilialikwa mara nyingi na mara zote nilikataa. Niliwaza kwamba nikisukwa watasema najipendekeza, na nisiposukwa watasema najivuna, na katika kuwaza hivyo nilibaki na nywele zangu nilizozifunga kwa kitambaa kama mgonjwa.

Mpunga ulipoanza kukomaa, aliugua tumbo. Walimlaza hospitali mjini. Mzee na watoto hawakuweza kuondoka shambani kwa sababu ya ndege. Ndege wale huwezi kuwapa hata nusu siku. Kwa hiyo dada yake Mama Sevelina ndiye aliyekaa naye, na mimi, kwa kuwa nilikwenda mjini mara kwa mara kutoa taarifa ofisini, nilipitia wodini mchana na kukaa kitandani kwake mpaka saa ya kurudi. Alifariki mchana mmoja wa siku kama hizo, nikiwapo. Dada yake alimfunika, akafuta machozi kwa kiganja, akaniambia, "Wewe una baiskeli. Kamwambie shemeji. Mimi siwezi kumwacha hapa peke yake."

Sasa nitaeleza kilichofuata kama nilivyokibeba kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, neno kwa neno, kwa maana nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Njia nzima ya kwenda Kasokola nilikuwa nachagua neno. Amekufa lilikuwa kali mno. Amefariki lilikuwa la ofisini. Nilijiona mtu mwerevu na mwenye huruma nilipoamua kusema amepumzika. Nilifika jua likiwa bado lipo. Walikuwa wamerudi kutoka shambani, na Sevelina alikuwa ameivisha wali wa mchele mpya, wa kwanza wa msimu, pamoja na dagaa wa Karema waliokaangwa kwa nyanya. Mzee alisimama aliponiona.

"Vipi huko, Mwalimu?"

"Mama amepumzika," nikasema.

Na Sevelina, mtoto yule aliyekuwa amejifunza Kiswahili shuleni kwa maana yake ya kawaida, akashika kifua akasema, "Afadhali! Juzi jirani aliyekwenda kumwona alisema halali kabisa." Wadogo zake wakaruka. Mmoja akauliza, "Akishapumzika atarudi kesho?" Mzee alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nilifungua mdomo kurekebisha, na hakikutoka kitu. "Vizuri," akasema. "Mpakulieni Mwalimu ale." Na nilikula. Hili ndilo lililonila mimi miaka yote: nilikaa mkekani na watoto waliokuwa wakicheka kwa furaha ya mama yao kupata usingizi, nikala wali ule mpya, na Sevelina aliponiuliza kama umeiva vizuri, nilimsifia. Alfajiri nilimsikia Mzee akikoroga uji. Nilichungulia mlangoni nikamwona akiumimina kwenye chupa ya chai, ile yenye maua mekundu, akaikaza kifuniko, akaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Alikuwa anampelekea mkewe uji. Ningeweza kutoka. Nilirudi kitandani nikavuta shuka mpaka kichwani. Alirudi mchana na lori, na mwili, na kilio kikaanza, na mimi nilijua kwamba mtu yule alikuwa ameambiwa kifo cha mkewe na mtu asiyemjua, mlangoni pa wodi, na uji wa moto mkononi. Kabla ya mvua zilizofuata niliomba uhamisho. Sikurudi tena.

Baadaye nilikuwa mkufunzi wa walimu, na somo langu lilikuwa namna watu wanavyojifunza. Niliwafundisha vijana nilichofundishwa: kwamba jambo likiingia akilini huwa bichi kwa muda mfupi, kisha hukauka kama saruji, na likishakauka limekaa, unaweza kulisahau, lakini huwezi kulibadilisha. Nililiamini kwa sababu ya Kasokola. Uji ule, maua yale mekundu, kifuniko kikikazwa, vyote vilikuwa vikavu na imara kila nilipovirudia. Ni karibu na kustaafu ndipo nilipoanza kusoma kwamba mambo si hivyo. Kwamba ubongo, unapolitoa jambo la zamani ili kulikumbuka, hulilegeza. Viungo kati ya chembe na chembe vilivyolishikilia hulainika, na ubongo hulazimika kutengeneza upya kile cha kuvikaza, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Katika saa hizo jambo liko wazi. Hofu uliyo nayo siku hiyo, maneno ya mtu aliye karibu, chumba ulichokaa, vyote vinaweza kuingia ndani yake, na linapokauka tena linakauka navyo, bila mshono. Hulikumbuki tukio lenyewe. Unakumbuka ulivyolikumbuka mara ya mwisho. Nilisoma hayo nikashangaa kama mwalimu anavyoshangaa, nikawaza wanafunzi wote niliowadanganya, na hata mara moja sikufikiria chupa ya chai. Kumbukumbu za watu wengine ndizo nilizozitilia shaka.

Nilifika Kasokola siku ya pili baada ya Mzee Anselmi kuzikwa. Basi kutoka Tabora lilipita kwenye lami mahali nilipokumbuka vumbi, na bodaboda ya kutoka mjini ilinishusha mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati. Kuta zinafika juu siku hizi. Niliutafuta ukuta wenye kiwiko changu kabla sijajua kwamba nautafuta. Sevelina alitoka katikati ya wanawake waliokaa majamvini, mwenye mvi, bibi wa wajukuu, akanipigia goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaanza kulia kabla ya kumwitikia, na ilikuwa aibu nyingine, maana wafiwa ni wao.

Kesho yake tulikaa nyuma ya jiko, yeye na mimi, tukichambua mchele wa kulisha waombolezaji. Yeye alipeta, mimi niliokota mawe. Nilikuwa nimejiandaa kwenye basi, nimepanga na kupangua, na mwishowe nikasema vibaya kama kawaida yangu.

"Sevelina, neno ulilonipigia nalo simu. Nilielewa. Na una haki."

"Neno gani?"

"Amepumzika."

Akanitazama kama anatazama mtu anayeanza homa. "Si ndivyo wanavyosema, Mwalimu? Padri mwenyewe ndivyo alivyosema."

Basi nikamweleza yote. Neno langu, furaha yao, wali, uji. Nilimwambia nilivyomwona baba yake akijaza ile chupa ya chai, na jinsi sikutoka. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Chupa ya chai?"

"Ile yenye maua mekundu."

"Mwalimu." Akaweka ungo chini. "Nyumba hii haikuwa na chupa ya chai. Ya kwanza kuingia hapa nimeileta mimi, nimeshaolewa, na ilikuwa ya bluu. Chai tulikunywa sufuriani. Nyie wa ofisini labda mlikuwa nazo."

Nilisema hapana, niliiona. Nilisema hivyo kwa ukali, kama mtu anayenyang'anywa kitu chake. Na hapo hapo, nikiwa bado nabisha, niliiona chupa yenyewe mahali pake pa kweli: juu ya kabati la chuma, hospitali nyingine, mji mwingine, miaka mingi baadaye, nilipomuuguza marehemu mume wangu. Niliinunua mwenyewe. Kila alfajiri niliijaza uji na kuikaza kifuniko, na kila alfajiri, njiani kwenda kwake, nilimkumbuka Mzee Anselmi na kuona haya. Nililitoa jambo la Kasokola likiwa laini, nikalishika na chupa mkononi. Likakauka nayo.

"Sasa alibeba nini?" nikauliza. "Alfajiri ile alibeba nini?"

"Shuka," Sevelina akasema. "Ile nyeupe, ya sandukuni. Na shati lake la kanisani. Mimi nilikuwa macho, nikamuuliza, Baba, shuka ya nini? Akasema, lala mwanangu, leo utachoka. Alijua, Mwalimu. Alijua tangu jioni."

Jiwe nililokuwa nimeliokota lilikuwa bado katikati ya vidole vyangu.

"Alituambia tulipokuwa wakubwa," akaendelea, polepole sasa. "Alisema alituacha tule kwanza, tushibe, tulale usiku mmoja zaidi tukiwa na mama. Alisema ulimsaidia, ulinyamaza vizuri. Yeye neno lako hata hakulisikiliza. Alikuwa amekutazama kichwani."

"Kichwani?"

"Nywele, Mwalimu! Hukumbuki? Ulikuja na baiskeli kitambaa kimekushuka shingoni. Upande mmoja umesukwa twende kilioni, mistari ya mkono wa Mama kabisa, upande mwingine nywele zimesimama hivi. Sisi tulitaka kucheka. Baba akaona. Alisema, mama yenu hajawahi kumwachia mtu kichwa nusu. Hata mvua ikinyesha."

Nilishika kichwa changu, nywele fupi nyeupe zilizobaki, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Katika marudio yangu yote, kwenye njia ile, mlangoni, mkekani, sikuwa na nywele. Nilikuwa mdomo tu. Mdomo unaochagua neno, mdomo unaofunguka na kujifunga, mdomo unaokula. Niliyarudia mambo yangu mimi, aibu yangu mimi, mpaka yakawa ukuta mzima, na upande wa pili wa ukuta huo nikamwacha mwanamke mgonjwa ameketi kitandani na kichwa changu mapajani pake.

Sevelina alikuwa amenikaribia. Nilijua atakachouliza kabla hajauliza, na ningetoa chochote asiulize.

"Mama mdogo, yule aliyekaa naye wodini, alikufa bila kutuambia kitu, alikuwa hawezi hata kuitaja siku ile. Kwa hiyo umebaki wewe. Wakati anakusuka, Mama alisema nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa tayari, limelala ulimini: waambie wanangu ninawapenda sana. Nililijua kwa miaka. Lakini nilipolitazama karibu, pale nyuma ya jiko, nililiona lilivyo. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuongea hivyo. Ilikuwa sauti ya mchezo wa redio. Nililitengeneza mahali fulani, siku fulani mbaya, kujifariji, na likakauka kama yale mengine. Na Sevelina angelipokea. Angewapa wajukuu wake. Nilifunga mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile kufunga mdomo hakukuwa woga.

"Subiri," nikamwambia. Nikayaacha maneno, nikatafuta mkono. Mwanzoni hakikuja kitu. Kisha maumivu kidogo nyuma ya sikio, mahali nywele zinapovutwa. Harufu ya mafuta ya mawese aliyonipaka kwa kidole. Na sauti, dhaifu, yenye mzaha.

"Alisema atanisuka twende kilioni kwa sababu ndiyo rahisi, mikono haina nguvu," nikasema. "Nikamwambia, Mama, usitaje jina hilo hospitalini. Akasema, ni jina la nywele tu, Mwalimu, wewe hata nywele unaziogopa. Akavuta. Akasema nina kichwa kigumu kuliko mbuzi wa Mzee, yule angalau alimaliza chaki zote. Kisha akachoka. Akasema, hizi nyingine kesho."

Sevelina alifunika mdomo kwa upande wa khanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia, labda vyote. "Huyo ni Mama," akasema. "Huyo ni Mama kabisa."

Ningeishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuogopa: nywele amezitaja yeye, na ndani ya dakika chache mimi nimepata maneno ya kuzivisha. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia sina hakika. Kwamba kichwa kikiwa kimelowa hivi hupokea chochote unachokigandamiza. Kisha, ili kujipima, nikagusa kichwa juu ya sikio la kushoto. "Alianzia huku. Kushoto. Hilo nina uhakika nalo."

"Kulia, Mwalimu," akasema Sevelina, akafuta macho. "Nakuona kabisa." Akagusa upande wa kulia wa kichwa chake mwenyewe.

"Kushoto."

"Kulia. Mimi ndiye niliyetaka kucheka."

Kama upande tu hatukubaliani, nikamwambia, hata maneno yale asiyashike sana. Labda ni yangu. Labda ni ya mbuzi yule, nimeyatoa mwaka mwingine nikayapeleka wodini. Alichukua ungo wake akaendelea kupeta, na mchana wote uliobaki tuliongea habari za maji na za bei ya mpunga. Nilikuwa nimempa mama yake na kumnyang'anya, mkono huo huo, ndani ya muda wa kuchambua sinia moja la mchele. Nililala chumba cha wageni chenye kuta zinazofika juu, na sikusikia kitu.

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Basi lilikuwa limeshaacha mji nyuma, nami nimeegemeza kichwa dirishani nikirudia yote tena, kama nifanyavyo, nikijiangalia naingia uani na baiskeli. Na kwa sababu Sevelina alikuwa amesema alitaka kucheka, safari hii nilimtazama yeye. Mtoto amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Ananitazama usoni. Nikakaa wima.

Nilipiga simu. Sikuipanga hata sentensi moja.

"Sevelina, siku ile nilipoingia, wewe ulisimama wapi?"

"Ulipoingia wapi, Mwalimu? Umeshafika?"

"Siku ile. Ya mama yako. Ulisimama wapi?"

"Mlangoni pa jiko. Nakutazama."

"Mbele yangu."

"Mbele yako, ndiyo."

"Basi kulia kwako ni kushoto kwangu," nikasema. "Ni upande mmoja, Sevelina. Tuliona upande mmoja."

Simu ikawa kimya. Nilisikia watu wa msibani nyuma yake, sufuria, mtoto analia. Nikaanza kuwaza kwamba nimemchosha, kwamba mtu aliyefiwa hapigiwi simu kwa mambo ya kushoto na kulia, kwamba ningeliacha jambo lilivyokuwa.

"Sevelina, upo?"

"Nipo, Mwalimu." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto aliyeamka vibaya. "Nakusikiliza tu. Maneno ya Mama nilishayachukua jana, hata ulipokuwa unayakataa. Nimeshawaambia na wadogo zangu. Wewe pumzika sasa."